Shamba Linaloitwa Kwa Mwelu

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya duka la dawa za mifugo, pale lami ya Kitengela inapokwisha na vumbi kuanza. Kila asubuhi Waruguru huleta birika la kahawa, na wenye benchi hukaa kila mtu mahali pake, kama washirika kanisani. Wakhungu, broka wa ploti, hukaa katikati. Wanamwita Redio kwa sababu haachi kusema. Daktari ni Githongo mwenye duka, ambaye udaktari hajausomea popote. Koinet huegemea fimbo yake. Mwisho wa ubao hukaa Mzee Muthama, wanayemwita Shemasi, mtu wa maneno machache na ya polepole, aliyemzika mkewe Mwelu mwezi wa nne. Asubuhi moja walikuwa wakilijadili shamba la Muthama, lililokuwa likiuzwa. Sarveya alikuwa ameshapiga vigingi, shamba limekuwa ploti thelathini na nne. Lilibaki bango.

— Jina ndiyo inauza, Redio akasema. Watu wa boda wote wanaita hapo Kwa Mwelu. Mimi nimeandikisha "Mwelu Gardens". Sasa nipeni historia. Mteja wa siku hizi anataka ploti iko na historia.

— Historia si hiyo tu? Daktari akajibu. Shemasi alipenda bibi yake, akapea shamba jina yake. Wakamba ni watu wa mapenzi, lakini kimyakimya.

Muthama alipuliza kahawa yake. Hakuwahi kulipatia shamba lile jina lolote. Miaka kumi na tisa alilinda godauni Athi River, akirudi nyumbani Jumamosi jioni, na watu waliopita njiani walimwona mwanamke mmoja tu, aking'oa mawe kwa mikono. Jina lilikuja lenyewe. Alitaka kusema hivyo. Akanywa kahawa.

— Hapana, Koinet akasema. Sisi Wamaasai mahali tunaita kwa kitu ilitokea. Ule mwaka wa kiangazi fisi iliingia kwa mbuzi, huyo mama akaigonga na jembe. Mara moja tu.

— Fisi moja?

— Jembe moja. Fisi zilikuwa tatu.

— Koinet! Juzi ulisema mbili.

— Ya tatu ilitoroka. Lakini ilitoroka ikilia.

— Hiyo itafukuza wateja, Redio akasema. Sikizeni. Kuna helikopta ya mkubwa fulani ilipotea kwa ukungu. Rubani akaona leso nyekundu huku chini, ni Mwelu anapunga. Ikatua katikati ya mahindi. Mkubwa akashuka, akauliza, hapa ni wapi? Akaambiwa, ni kwa Mwelu. Ikaandikwa kwa ramani.

— Ramani gani?

— Ya ndege.

— Na hayo mahindi yalipona? Waruguru akauliza.

— Waruguru, wewe mimina kahawa.

Wakacheka. Muthama naye alitabasamu, na tabasamu hilo likamuuma. Daktari akampiga begani.

— Fisi, helikopta, lakini mwisho wa yote ni mapenzi. Shemasi, wewe ni mume wa mfano. Pasta akuweke kwa semina ya wanandoa.

— Bwana asifiwe, Muthama akasema, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu. Papo hapo akahisi kwamba amedanganya, na kwamba amelitumia jina la Mungu kudanganyia.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mwanamke aliyekumbatia mkebe wenye mche wa waridi. Alikuwa mwalimu Maryanne, aliyepanga nyumba jirani na shamba kabla mumewe hajapata kazi Magadi.

— Sopa, wazee, akawasalimu kwa Kimaasai.

— Epa.

— Baba Celine, akamgeukia Muthama, pole sana. Habari ilinifikia nikiwa nimechelewa mazishi. Nimeletea Mama Celine waridi, ile rangi alikuwa anapenda. Nimezunguka shamba lote naona tu vigingi. Kaburi liko wapi?

Redio aliwahi kujibu.

— Hapo hakuna kaburi, madam! Hiyo shamba ni safi.

— Safi?

— Safi kabisa. Ploti iko na kaburi haiendi, hakuna mtu ananunua. Mwelu alipelekwa Makueni, kwa kina mzee.

— Lakini alinionyesha mahali, Maryanne akasema. Kando ya tangi, karibu na yale mawe aliyotoa mwenyewe. Aliniambia amemwomba Baba Celine, na Baba Celine amekubali. Sasa ni nani alikataa?

Daktari akageuka kutazama duka lake kana kwamba kuna mteja. Hapakuwa na mteja. Muthama aliitazama mikono yake. Mikono hiyohiyo ilikuwa imeushika mkono wa Mwelu kitandani hospitalini, naye akasema, "Sawa, Mwelu," wakaomba, wakasema amina. Siku nne baadaye alisimama mbele ya watoto, Biblia kwapani, akawaambia mila inataka mama yao arudishwe Makueni, mahali ambapo hakuwahi kuishi hata mwaka mmoja. Walimwamini. Ni shemasi.

— Ni mimi, akasema.

— Shemasi, si lazima...

— Nyamaza, Wakhungu. Ni mimi. Nilimwambia sawa. Alipofunga macho, nikawaambia watoto ni mila. Haikuwa mila. Ilikuwa hizo ploti. Na hilo jina sikulitoa mimi. Walilitoa watu waliomwona akifanya kazi. Usiliandike kwa bango.

— Mzee, bango liko kwa fundi, rangi imeshakauka.

— Apake ingine juu yake. Hilo jina si langu kuuza.

Maryanne hakumtukana mzee. Alimtazama tu, kisha akautazama mkebe.

— Na hii nipande wapi, Baba Celine?

Mahali pale kando ya tangi sasa paliitwa ploti namba kumi na saba, na tayari palikuwa pamenunuliwa na kijana mmoja wa Embulbul.