Hesabu za Karani

Benchi liko mbele ya duka la dawa, na jiko langu la kahawa liko pembeni yake. Alasiri hukaa watatu: Spana, fundi wa magari, Redio, asiyejua kunyamaza, na Karani, mume wangu, aliyewahi kuhesabu watu mlango kwa mlango wakati wa sensa. Tangu hapo kila kitu kwake ni hesabu. Chini ya mguu wake wa kushoto ana doa jeusi lenye kidonda kisichopona, na hospitali hataki kuisikia. Jana duka lilibandika tangazo kwamba wagonjwa wa saratani ya ngozi wameongezeka mara mbili kwa miaka kumi. Leo hakuna aliyeketi kwa raha.

Redio alidai kosa ni mabati. Watu wamejaa, nyumba zimejaa, jua linadunda bati hadi bati mpaka lipate ngozi ya mtu. Spana akasema ugonjwa wameuleta wahamiaji wa zile nyumba mpya, huku akikagua viganja vyake mwenyewe.

— Acheni kutishana, Karani akasema. Watu wenyewe tumeongezeka. Halafu zamani wangapi walifika miaka sabini? Sasa wazee wamejaa, na ugonjwa huu unapenda wazee. Ukitoa hayo yote, haujaongezeka hata kidogo.

— Kwa hiyo tuko salama? Spana akauliza.

— Tuko palepale.

— Palepale na huo mguu?

— Mguu ni kiatu kimebana, bwana.

Nilikoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa. Huenda hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu mwenye hoja mbovu unaweza kumbishia.

Mama mmoja mgeni, aliyetoka dukani na dawa ya mtoto, alikuwa akisubiri kikombe chake. Aliutazama mguu wa Karani, aliyekuwa amevua kiatu na kuupandisha juu ya goti.

— Samahani, kaka. Hicho kidonda kilianza lini?

Karani akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, akaishia njiani. Redio akaangalia barabara. Spana akanitazama mimi ninayefua soksi za Karani. Nilikumbuka soksi yenye damu kabla shule hazijafunguliwa, au ni muhula ule mwingine.

Nikavua aproni, nikamwambia avae kiatu twende hospitali.

— Na kahawa? Redio akauliza.

— Jimiminieni.

Karani akainama kufunga kamba. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi kukosa la kunibishia. Leo hakubisha; alinishika bega, akasimama.