Mama Zawadi, Aliyeifundisha Mashine Kungoja

Tarehe 31 Desemba 2025 Mama Zawadi Mbaraka anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita katika ofisi yetu ya mizigo hapa Kasuku. Kiti chake kinabaki. Shefu Destin, atakayekirithi, amekwisha kukijaribu, miguu haijafika chini.

Aliingia mwaka 1999, vita vimepamba moto, akashika foni, ile redio ya kuulizia Kibombo njia gani inapitika. Treni ilikuwa imekufa, mchele ulikuja kwa baiskeli za kusukumwa. Mama Zawadi akaweka sheria: aliyeandika ujumbe asiutume mpaka mwingine ausome. Wakubwa walinuna. Halafu msomaji mmoja akagundua kwamba mkurugenzi anawapeleka wasukuma baiskeli kwenye daraja lililovunjwa. Tangu siku hiyo mkurugenzi mwenyewe akawa analeta ujumbe wake usomwe kwanza.

Vita viliisha, Mama akajifunza ordinatere, hiyo kompyuta, akaandika programu inayopanga mizigo yetu mpaka leo. Mwaka huu ikaja akili bandia ya kumsaidia kuandika. Mashine ile ina haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Destin akairuhusu iguse tawi kuu, yaani nakala ya programu inayofanya kazi kweli. Siku moja maandishi yake yakagongana na ya Christelle, mwenzetu anayeandika programu pamoja na Mama. Badala ya kuuliza, ikalazimisha yake juu. Kazi ya Christelle ikafutika, na magunia ya mchele yakapangiwa boti ya kwenda Kampene. Tunaofika Kampene kwa pikipiki, matope mpaka masikioni, tulitamani sana kuiona boti hiyo.

Mama alikuwa na nakala ya jana, akarudisha kila kitu. Kisha akaiandikia mashine sheria, inazisoma kila ikianza kazi: fungua tawi lako pembeni; badilisha kidogo na useme sababu; mkigongana, simama uulize; usilazimishe kamwe; muntu asome kabla ya kuunganisha. Destin akasema zinachelewesha kazi, zitastaafu pamoja na mwenyewe. Hilo njo lilimnyima Mama raha, si kiti.

Juma lililopita Mama mwenyewe alikuwa na haraka, pilau ya kumuaga inapoa. Akasahihisha bei ya kusafirisha gunia, akaiambia mashine ipeleke moja kwa moja tawi kuu. Ikakataa. Iliweka badiliko pembeni, ikasema inangoja mtu wa pili asome. Mama akaikumbusha nani aliiandikia sheria. Ikamshukuru kwa adabu, ikaendelea kungoja. Tulicheka mpaka Mama Béatrice wa jikoni akaja na mwiko.

Destin alikuwa mlangoni, begi begani. Akaliweka chini.

“Leta, Mama, nisome mimi.”

Akasoma, akakuta sifuri moja imezidi. Akaifuta, akaunganisha, kisha akamtazama Mama.

“Hizi sheria zinabaki. Muntu asiziguse.”

Pilau tuliikuta baridi. Mama alikula sahani mbili.

Asante, Mama Zawadi. Mungu akupe afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wanaosikia kama mashine yako. Kaa vema, Mama yetu.