Safari ya Xavérine, Mtafiti wa Vioo

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Cyriaque, kaka wa marehemu, na kwa niaba ya familia nasoma kwa Kiswahili ili wakwe zetu waliofika kutoka Moshi wasikie pamoja nasi.

Dada yetu Xavérine Nyirahabimana alizaliwa Kabeza tarehe 9 Aprili 1988, akamaliza sekondari mwaka 2006, kisha akachukua shahada ya kemia Dar es Salaam, alikokutana na Goodluck Laurean, wakafunga ndoa hapa Kigali tarehe 20 Desemba 2014, wakahamia Niboye, na Mungu akawajalia watoto wawili, Shimwa na Kaze.

Tangu mwaka 2016 alifundisha chuo kikuu na kutafiti vioo vyenye sodiamu na potasiamu kwa pamoja, ambavyo hupitisha umeme kwa shida zaidi kuliko vyenye moja tu kati ya hizo, akivimulika kwa leza na kusoma mitetemo ya atomi ili ajue zimejipangaje ndani, kazi ambayo wengi wetu hatukuielewa, ila tulimwona anavyochangamka akiieleza mezani, hata chakula kikapoa.

Septemba 2023 mkono wake wa kulia ulianza kulegea, madaktari wakakuta ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, wakatuambia wazi kuwa hauna tiba, tukasali, tukampeleka Nairobi, jibu likawa lile lile. Aliposhindwa hata kubonyeza kitufe cha mashine, Goodluck alikuwa akimbeba kila Jumamosi hadi maabara, akifanya kila alichoelekezwa kwa sauti iliyozidi kufifia. Machi 2025, baada ya kulazwa kwa muda, walikuta sampuli za mwisho za vioo zimeingiwa na unyevu wa mvua, zimefanya ukungu, hazipimiki tena.

Goodluck akamwambia, "Mama Shimwa, tutayeyusha vingine."

Naye akauliza, "Nani atayeyusha?"



Baada ya hapo tulibaki kumgeuza kitandani na kumlowesha midomo, hadi Jumanne tarehe 6 Mei 2025 alipofariki, sote tumemzunguka, hakuna aliyeweza kumsaidia kuvuta pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Niboye waliotupikia, na wenzake wa maabara, hasa Armel, aliyekuja kumsomea makala mpya hata alipokuwa hawezi kuitikia.

Kaze bado anauliza mama atarudi lini.

Mungu akupumzishe kwa amani, Xavérine.