Kifungua Mimba Hatajwi

Shikeni bakuli zenu za fura, uji wetu wa maziwa, wasikilizaji wapendwa, mnisikilize. Daktari Delu Barmou hatunaye. Tumemzika Ijumaa, hapa hapa Doutchi.

Delu ndiye aliyesimamia hesabu ya watoto katika ule utafiti wa dawa. Mnaukumbuka? Vijiji vingine watoto walinyweshwa dawa ya kuua vijidudu. Vingine walinyweshwa maji matamu tu. Nani kapewa nini, hakuna aliyejua, hata Delu mwenyewe. Hesabu ya kwanza ikaja: baadhi ya vijiji, vifo vimepungua mno. Watu wakaanza kuchinja kondoo.

Wiki ile akaenda kumtazama mdogo wake, Hadjo, aliyekuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza. Akamuuliza, "Watu wa hesabu walipopita, uliwaambia?"

"Niwaambie nini, dada? Nimtaje mtoto wangu wa kwanza mbele za watu? Huna haya wewe!"

Delu akaketi chini. Kwetu mama hamtaji kifungua mimba wake, awe hai, awe amekufa. Na vijiji vingine waliulizwa mama, vingine bibi. Bibi husema. Mama hunyamaza. Sasa, je, kama vijiji walikoulizwa mama ndivyo vilivyopewa dawa? Basi dawa imesifiwa bure!

"Akawa halali usiku, wala hali chakula," Hadjo aliniambia. "Nikamwambia, dada, achana nayo, watu wamefurahi. Akanijia juu: 'Nikikosea, watoto wa nchi nzima watanyweshwa bure! Vijidudu vitaizoea, na siku watakapoihitaji kweli, haitawafaa!'"

Akarudia hesabu yote. Kila nyumba akaulizwa bibi. Tukangoja roho mkononi, wasikilizaji wapendwa, roho mkononi. Siri ya nani kapewa nini ilipofunguliwa, kumbe dawa ilisaidia, ila kidogo kuliko tulivyoshangilia. Waliokwisha chinja wakamnunia. Yeye alishusha pumzi, akalia.

Juzi nilikwenda kumpa pole mama yake. Nikamuuliza, "Mama, Mungu amekujalia watoto wangapi?"

"Wawili. Hadjo na kaka yake."

Delu ndiye kifungua mimba.

Poleni, jamaa wa Barmou. Mungu amlaze pema. Nanyi mnaonisikiliza, mtu wa hesabu akipita, kabla hamjamjibu, fikirini ni nani mmemwacha nje.

Maana nilipokuwa naaga, mama yule alijifunika uso kwa mtandio, akanishika mkono.

"Watatu," akasema. "Kawaambie redioni. Ni watatu."