Kichwa cha Mbwa Mwingine

Wasikilizaji wapendwa, kama mko mezani, malizeni kula kwanza. Habari ya leo haiendi na chakula.

Tumemzika Mama Vichwa. Ndivyo mji mzima ulivyomwita: Mama Vichwa, mama wa maabara ya mifugo. Maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye chumba kimoja chenye meza ya bati, sinki, na feni iliyozunguka ikipenda. Mbwa akiuma mtu na kushukiwa, kichwa kilikatwa, kikawekwa kwenye ndoo, kikapelekwa kwake. Yeye alipasua fuvu, akachota ubongo, akautazama kwenye hadubini. Akisema kuna kichaa, aliyeumwa anadungwa sindano, anaishi. Maana kichaa cha mbwa kikishampanda mtu, wasikilizaji, hakuna daktari. Kuna mchimba kaburi tu.

Na mji ulimshukuruje? Ulimkunjia pua. Harusini, kiti cha jirani yake kilibaki kitupu. Wifi yake mwenyewe alimsalimia kwa kiwiko.

Mumewe ni fundi saa. Nilimkuta kibarazani, akaniambia hivi: "Watu walidhani hana kinyaa. Yule? Akikuta unywele kwenye wali, sahani nzima inakwenda kwa kuku. Akiona mtoto ana makamasi, anageuka ukutani. Nikamuuliza, mke wangu, hivyo vichwa unaviwezaje? Akasema, 'Siviwezi. Navifanya tu.'"

Kila asubuhi aliweka ganda la limau ndani ya barakoa, akaingia.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Siku moja ililetwa ndoo kutoka kwa mwenye duka la saruji na mabati. Siku chache nyuma, mbwa wake alikuwa amemuuma binti mdogo wa jirani. Amemuuma shavuni. Shavuni, wasikilizaji, hatua chache kutoka ubongoni. Mama wa mtoto, mfagizi wa soko, alikaa na binti yake kwenye benchi nje ya maabara. Zahanati ilikuwa na sindano haba, na nesi alishasema hadungi mtu mpaka majibu yatoke. Majibu yakija safi, mtoto anarudi nyumbani hivyo hivyo.

Mama Vichwa akapima. Akatia ile dawa ambayo kichaa kikiwemo hung'aa kijani. Hakikung'aa kitu. Safi.

Lakini alikuwa na desturi yake. Kabla ya kufunga ndoo, alifunua mdomo wa kila kichwa akatazama meno, kwa sababu mbwa mwenye kichaa hutafuna mawe, hutafuna hata mnyororo. Akafunua. Meno meupe, makali, meno ya mbwa kijana ambaye hajawahi kutafuna kitu kigumu kuliko kandambili.

Akatoka nje na glavu zake, maana kidonda cha shavuni hakikuwa cha meno makali.

"Dada, mbwa aliyemng'ata huyu ni mkubwa?"

"Mkubwa! Ni lile zee lake la njano. Meno yenyewe mabovu, nusu hayapo. Hayo yaliyobaki ndiyo yamemfanya mwanangu hivi."

Mama Vichwa akaagiza mwenye duka aitwe. Akaja anachekacheka, funguo za gari zinazunguka kidoleni.

"Mama Vichwa! Nasikia ni safi. Si nilisema?"

"Kichwa ni safi. Mbwa wako yuko wapi?"

"Si huyo ndooni?"

"Huyu bado kijana. Namuulizia mzee."

Jamaa akacheka. "Aa, mama, mbwa si mbwa tu? Yule alishajifia. Nina jike na vitoto pale nyumbani, wateja wameshaahidiwa. Mkisikia kichaa mtakuja kuua wote. Sema safi, yaishe."

"Na mtoto?"

"Kakwaruzwa tu. Watoto wangapi wanaumwa na mbwa?"

Nataka mwelewe vizuri alichofanya mtu huyu. Alimchinja mbwa mzima, mwenye afya, ili kichwa chake kiseme uongo kwa niaba ya mgonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kilikuwa kinamwendea mtoto wa jirani.

Mfagizi akasema, "Kalifukia nyuma ya bohari yake. Mtaa mzima tumeona." Mama Vichwa akabeba jembe, wakaongozana wanawake wawili na mtoto.

Wakafukua. Mbwa alikuwa amevimba, ngozi inabanduka ikiguswa, funza wanachemka machoni kama wali jikoni. Mama Vichwa akatapika. Akafuta mdomo, akavaa glavu mpya, akainama.

Mfagizi yule, sasa ni bibi, aliniambia: "Mwanangu, mimi nimefagia kila uchafu wa soko lile. Lakini pale nilitazama ukuta. Yeye anatapika, anakata. Anamtukana yule bwana, anakata. Sikujua kama mama yule ana matusi! Mengine hata mimi nilikuwa siyajui."

Ubongo ulifika mezani umekuwa uji. Ubongo uliooza ni mgumu kupima: usipong'aa, huwezi kuapa kwamba kichaa hakimo. Uking'aa, hakuna ubishi. Akaupaka kwenye kioo. Akatia dawa. Akainamia hadubini.

Kijani. Kijani tupu.

Akanawa, akavua koti la kazi, akamshika mtoto mkono mpaka zahanati. Nesi alipoambiwa hakuuliza la pili. Akadunga. Binti hakuugua. Leo ni fundi cherehani, ana watoto wake.

Na mwenye duka? Mbwa wake waliuawa, akanunua wengine. Basi.

Juzi alikuja msibani na shada kubwa kuliko jeneza. Akasimama, akasema, "Marehemu alikuwa kama dada yangu. Tulishirikiana bega kwa bega." Hapo nusura nitapike mimi.

Alipokaa, fundi cherehani akampelekea maji ya kunywa. Nilikuwa kiti cha pili, nilisikia kila neno.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mimi ni yule mtoto."

"Mtoto yupi?"

Akamgeuzia shavu lenye kovu. Bwana mkubwa akalitazama, akanywa maji, akasema, "Pole. Ulianguka?"

Miaka yote hiyo, wasikilizaji wapendwa, na duka lake liko mtaa ule ule. Hakuwahi kuuliza kama mtoto aliishi.

Kwako fundi saa, kwa wanao na wajukuu, na kwa wenzake wa chumba kile cha meza ya bati: poleni sana. Mungu amlaze mahali safi, penye hewa nzuri. Amestahili.

Na wewe unayenisikiliza, kama mbwa wako amewahi kumuuma mtoto wa mtu, usinisikilize zaidi. Zima redio. Vaa viatu, nenda kamwulize hali.