Mzee Nakuja Anaondoka

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, fundi mkuu wa hospitali yetu ya kanisa anatimiza miaka thelathini na mmoja na miezi mitano ya utumishi, na anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake, kwa kuwa karakana na stoo zinatenganishwa na ukuta mmoja na nimesikia mengi.

Alianza akiwa fundi umeme wa kawaida, mwembamba, mwenye sanduku moja la vifaa. Mwaka wa tatu alikabidhiwa karakana nzima, na hapo ndipo alipopata jina. Ukimpigia simu ya ndani kumwambia taa ya maabara imezima, alijibu, "Nakuja." Wodi ya wazazi wakipiga kuhusu bomba, walijibiwa vilevile, na jikoni pia. Hakuwa mwongo. Alikuja kweli, ila kwa foleni, na foleni ilikuwa ya siku kumi na moja. Watumishi wapya waliamini Nakuja ndilo jina lake la ubatizo.

Chini yake walikuwepo mafundi wanne: wa maji, ambaye ni mwanamke, wa umeme, seremala na mchomeleaji. Wote walikuwa na vyeti. Hata hivyo hakuna aliyegusa kitu mpaka Mzee aone kwanza, aamue, kisha arudi kukagua. Funguo zote za majengo, mia moja na kumi na nne, alizining'iniza kiunoni. Daktari wa mifupa alimwambia nyonga yake ya kulia inaelemewa, akamshauri apunguze uzito. Mzee akaacha sukari kwenye chai.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa, mama mkwe wake alikuja kliniki ya macho. Alimaliza saa tatu asubuhi, akakaa kwenye benchi nje ya karakana akimsubiri mkwewe ampeleke nyumbani. Aliondoka hapo saa kumi na moja jioni. Mama huyo alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na dawa aliyotiwa machoni haikumzuia kuona.

"Baba," alimwambia, "watu wote hawa walikuwa wanakusubiri wewe?"

"Ndiyo, mama," alijibu Mzee, kwa unyenyekevu wa mtu anayengoja kusifiwa.

"Na wale wanne waliokaa juu ya matairi?"

"Wale ni mafundi wangu."

"Wao walikuwa wanasubiri nini?"

"Wananisubiri mimi, mama."

Yule mama akamsimulia habari za Musa kule jangwani, alivyokaa kutwa nzima akiamua mashauri ya taifa zima huku watu wamesimama juani, hadi baba mkwe wake alipomwambia waziwazi kwamba jambo hilo si jema, atachoka yeye na atawachosha na watu. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Alikubali kila neno, kwa kuwa mtu habishani na mkwe, na kesho yake akaendelea kama kawaida.

Wiki tatu baadaye, Jumatano saa nne asubuhi, alipanda mnara wa tangi la maji kukagua koki ambayo fundi wa maji alikuwa ameshaitengeneza. Kizunguzungu kikamshika kule juu. Waliomteremsha wanasema shinikizo lake la damu lilikuwa la kutisha. Alilazwa wodi ya wanaume, akawekewa dripu, na suruali yake pamoja na funguo zote ikatiwa kwenye mfuko wa mali ya mgonjwa na kufungiwa kabatini, kama taratibu zinavyotaka. Muuguzi mwenye ufunguo wa kabati akaenda kwenye kikao.

Nusu saa baadaye umeme ulikatika.

Chumba cha jenereta kilikuwa kimefungwa. Katika wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati kulikuwa na wachanga sita, na mashine zao zilizima zote kwa pamoja. Wauguzi walishika mifuko ya hewa wakaanza kuwapulizia watoto kwa mkono, mtoto mmoja muuguzi mmoja, na muuguzi wa sita hakuwepo. Mama mmoja aliyejifungua siku iliyotangulia alionyeshwa namna ya kuminya mfuko, akaminya, akihesabu kwa sauti.

Mzee alikuwa kitandani akisikiliza. Kwa miaka kumi na tisa jenereta ilikuwa ikinguruma ndani ya dakika moja. Safari hii alisikia kimya. Akajaribu kuinuka, muuguzi akamrudisha chini kwa kiganja kimoja. Baadaye aliniambia kwamba aliomba, na kwamba hakupata maneno mengine ila "Mtu avunje, mtu avunje."

Baada ya dakika tisa jenereta ikawaka. Watoto wote sita waliishi. Jioni fundi wa maji alifika kitandani kwake na kufuli lililopasuliwa kwa nyundo.

"Shikamoo, Mzee. Nimevunja kufuli lako."

"Marahaba. Mbona ulichelewa?"

"Kuvunja kulichukua dakika mbili," alisema yule dada. "Zile saba nilikuwa nasubiri ruhusa yako."

Mzee aligeukia ukutani, akalia. Naandika hili kwa idhini yake.

Siku iliyofuata alimwita mchungaji wa hospitali, akataka kujua kama baba mkwe wa Musa alisomea uhandisi. Mchungaji alisema hapana, alikuwa kuhani na mfugaji. Wakasoma pamoja kwa siku nne. Walisoma jinsi Musa alivyoagizwa achague watu waaminifu, mashauri madogo wayamalize wenyewe na yale mazito tu ndiyo yamfikie yeye. Walisoma habari za mitume, wajane walipokuwa wakisahauliwa kwenye chakula, na watu saba waliochaguliwa wakawekewa mikono mbele ya wote, ili asiwepo wa kuuliza nani kawatuma. Walisoma pia habari za Eliya aliyechoka hadi akaomba afe. Mzee alishangaa kuona kwamba malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kwa msingi huo Mzee akaomba likizo yake ya kwanza.

Aliporudi, aliomba nafasi katika ibada ya Jumatatu. Mbele ya watumishi wote alifungua mkanda akagawa funguo kwa mafundi wanne, jengo kwa jengo. Ibada ilichelewa kumalizika kwa dakika arobaini, kwa kuwa alieleza tabia ya kila ufunguo.

Isidhaniwe kwamba alibadilika siku hiyo. Kwa miezi kadhaa alipita "kwa bahati" kila mahali palipokuwa na kazi. Seremala alipofunga mlango wa chumba cha upasuaji ukafungukia upande usiofaa, madaktari waliingia kinyumenyume kwa siku mbili. Mzee aliuona mlango ule, akaja stoo, akakaa juu ya ndoo ya rangi.

"Ninyamaze?" aliniuliza.

"Nyamaza," nilimwambia.

Siku ya tatu seremala alikuja mwenyewe, shingo chini, kuomba bawaba mpya. Hajafunga mlango vibaya tangu siku hiyo.

Foleni ilishuka hadi siku mbili. Karakana sasa ina mafundi tisa, na hospitali tatu za jirani zimewahi kutuma watu wao kujifunza. Mama mkwe aliishi hadi akayaona hayo. Aliporudi kliniki alikaa kwenye benchi lilelile na kuuliza watu wako wapi. Mzee akamwambia wameshahudumiwa. "Na wewe unafanya nini?" akauliza. "Nimekaa na wewe, mama."

Miaka miwili iliyopita aliomba mrithi wake atangazwe mapema, yeye akiwa bado ana nguvu, kama Musa alivyomsimamisha Yoshua mbele ya mkutano. Alimpendekeza fundi wa maji. Uongozi ulikubali, na kazi za kila siku akaanza kuziongoza yeye.

Mwezi uliopita bomba kubwa lilipasuka nyuma ya maabara. Muuguzi alimkimbilia Mzee akimuuliza wafanye nini. "Muulize mkuu," alijibu, akaonyesha kwa kidevu. Mkuu mpya alikuwa ndani ya shimo, tope hadi magotini, akipanga watu. Alimwona Mzee amesimama bure.

"Mzee, shika hapa. Usiachie mpaka niseme."

Alishika. Alishika kwa saa nzima, akalowa chapachapa, na hakutoa ushauri hata mmoja. Nilimpelekea koti kavu, nikamuuliza inakuwaje kuamrishwa na mtu uliyemfundisha.

"Anajua kuliko mimi," alisema. Akatabasamu kama mtu aliyepata barua nzuri.

Ndugu yetu, asante kwa taa, kwa maji, na kwa watu uliotuachia. Nenda ukapumzike na mkeo na wajukuu. Siku zako ziwe nyingi na nyepesi.