Mwalimu Kokoto na Kilima cha Nyuma ya Shule

Bibi yetu, ambaye wengi mliofika hapa kumuaga mlimwita Mwalimu Kokoto mkidhani hajui, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mchoma matofali, na nyumba yao ilipakana na tanuri. Alikua akiona udongo unaingia mle ukiwa laini na kutoka ukiwa mgumu, ukiugonga unalia. Siku moja akamuuliza baba yake kama mawe nayo yana tanuri lao. Baba akamjibu, "Hayo kaulize shuleni, mimi nipo kazini." Akaenda kuuliza shuleni, na huko hakutoka mpaka alipostaafu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960. Mifuko ya gauni lake ilitoboka kwa mawe kila mara, mama yake akashona mpaka akachoka, mwishowe akaiziba kabisa. Bibi akahamishia mawe kwenye soksi. Alimaliza sekondari, akasoma chuo cha ualimu hadi Novemba 1974, na Januari iliyofuata akaripoti katika shule alikofundisha jiografia maisha yake yote ya kazi.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo ya mafagio. Dirishani kulikuwa na sahani mbili za maji ya chumvi. Moja aliikausha harakaharaka kwenye jiko, nyingine aliiacha kivulini ikauke kwa wakati wake. Ile ya jikoni ilitoa ungaunga tu. Ya kivulini ilitoa punje za pembe nne zinazong'aa. "Mmeona?" aliwaambia. "Jiwe la punje kubwa lilipoa polepole huko chini ardhini. La punje ndogo lilikimbizwa." Na hakumruhusu mtu kutaja jina la jiwe kabla ya kulikwaruza kwa msumari na kulidondoshea siki. Ukiropoka tu alikuuliza, "Unamwita jina hata hamjasalimiana?"

Kila mwaka aliwapeleka kidato cha pili kwenye kilima cha nyuma ya shule. Ubavu wake mmoja ulikuwa umeliwa na mvua, unaonyesha mistari mitatu: kijivu chini, mweusi katikati, kijivu juu. Aliifundisha kama watoto wa tumbo moja. "Huyu wa chini ni kifungua mimba. Mweusi ni uji wa moto wa volkano uliomwagika juu yake ukagandia hapo. Huyu wa juu ni matope yaliyokuja kutulia mwisho, ndiye kitinda mimba." Swali la nani kati yao ni kitinda mimba halikukosekana kwenye mtihani wake. Mliopita mikononi mwake, hata leo mkiamshwa usingizini mtalijibu.

Babu alikuwa fundi ujenzi. Mwaka 1977 alileta lori la kokoto kujenga maabara ya shule, akamkuta mwalimu mmoja kachuchumaa juu ya lundo anachagua. Akamwambia, "Dada, hizo ni za msingi, si mchele." Bibi hakuinua hata kichwa. "Mchele wako una mawe mazuri, kaka." Babu anasema kuanzia siku hiyo ujenzi ule ulichukua muda mrefu kuliko ulivyopangwa. Walifunga ndoa tarehe 24 Juni 1978, wakajaliwa watoto watatu. Wa kwanza ni mjomba wetu mkubwa, na ndiye aliyemuumiza Bibi kuliko wote, wala yeye mwenyewe hakatai lisomwe.

Mwaka 2011 kilima kile kilipata mwenye kukivunja kwa ajili ya barabara, na Mjomba akapata kazi ya kuendesha mashine ya kutoboa. Alikuja nyumbani na furaha yake. Bibi alikuwa anamenya viazi.

"Watu wote waliojaa duniani," akasema, "na mashine akapewa wa kwangu."

"Mama, nisipovunja mimi atavunja mwingine."

"Basi ungemwachia huyo mwingine."

Mjomba hakukaa hata kunywa chai. Tangu hapo alikuwa akifika getini tu, anapiga honi, anamkabidhi Babu sukari na sabuni, anaondoka. Bibi akisikia honi alihamia uani. Babu alijaribu utani wake. "Wewe na mwanao mnavyopoa polepole hivi, siku mkiganda mtatoa punje kubwa kama ngumi." Bibi alicheka, lakini getini hakwenda. Alistaafu mwaka 2013 bila kurudi tena kilimani, maana njia ya wanafunzi ilikuwa imeshafungwa kwa seng'enge. Miaka ikapita hivyo, Babu akizeeka katikati yao.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Bibi alianza kuumwa mgongo. Daktari alipomwambia ana mawe kwenye figo, Bibi aliuliza, "Ya aina gani?" Daktari alicheka, kisha akaona anasubiri jibu. Baadaye figo zote mbili zilichoka, ikabidi awe anapelekwa kusafishwa damu, na kila aliporudi alikuwa mwepesi zaidi kwenye kumnyanyua. Sote tulijua. Tulichokiogopa ni kwamba angeondoka bila kusema na mwanawe, na kila mmoja alimwonea aibu mwenzake kuwa wa kwanza kulitaja.

Agosti 2023 honi haikulia. Mjomba aliingia mwenyewe mpaka chumbani, na vumbi lake kwenye nyusi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo Mama."

Bibi alimtazama kwanza. "Marahaba."

"Kule kuna kitu sikielewi. Ule mweusi wako umepanda juu. Njoo ukione, kesho tunauangusha."

Bibi akasema, "Nipeni shali yangu."

Walimpakia kwenye pikapu na kumkalisha mbele ya kilima kwenye kiti cha plastiki, mashine zikiwa zimezimwa kwa ajili ya chakula cha mchana. Kilima kilikuwa kimepasuliwa katikati kama mkate. Mistari mitatu ilikuwa pale, mikubwa kuliko nyumba, ila ule mweusi ulikuwa umetoa ulimi ukapenya ndani ya kijivu cha juu. Bibi akamtuma Mjomba amletee kipande cha pale vinapogusana. Akakikwaruza kwa msumari, akakigeuzageuza. Kijivu kile kilikuwa kimeungua, kigumu kama tofali la baba yake.

"Huyu wa juu alikuwepo tayari," akasema. "Ndiyo maana kachomwa. Mweusi ndiye aliyekuja mwisho, akajipenyeza katikati ya wenzake. Nimewafundisha watoto wa watu uongo miaka yote hiyo."

"Si uongo, Mama. Ulikuwa hujaona ndani."

"Na ndani ningeonyeshwa na nani?"

Mjomba alikuna shingo. "Na mimi hapa."

"Haya. Tuishie hapo." Akamshika mkono ili ainuke, na hakuuachia mpaka kwenye pikapu. Lakini kabla ya hapo aliwafundisha wavunja mawe wote waliokuwa pale, na mmoja aliyekuwa nyuma akitafuna aliambiwa ameze kwanza.

Baada ya hapo Mjomba alikuja kila jioni, wakala pamoja. Bibi alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 2 Februari 2024, Babu akiwa upande mmoja wa kitanda na Mjomba upande wa pili.

Aliagiza jambo moja lisomwe mbele yenu. Mstari mweusi ndio kitinda mimba. Rekebisheni. Na kuna mwanafunzi mmoja, mvulana wa dawati la nyuma, aliyewahi kuandika hivyo kwenye mtihani akapewa sifuri. Bibi alijaribu sana kulikumbuka jina lake, halikuja. Alisema kama upo hapa leo, umepata, na anaomba umwie radhi.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, wadogo zake wawili, na ninyi nyote aliowafundisha kusalimiana na jiwe. Mungu ampe Mwalimu Kokoto pumziko la amani.